Kubandika picha ya Rafah ni mshikamano au ni fasheni?

Mkwezi wa Pongwe: Wakuu, mnaikumbuka ile picha ya "Macho yote Rafah", mji wa kusini mwa Gaza, Mei 2024? Ilisambazwa Instagram zaidi ya mara milioni 40. Hata dada wa saluni ya mtaani kwetu aliibandika, kesho yake akarudi kwenye mawigi yake. Mahema yamenyooka kama mistari ya mkonge, hakuna damu, hakuna vumbi, na imetengenezwa na akili mnemba. Mtu wa Gaza inamsaidia nini?

Bint Chumbageni: Muuza wigi haruhusiwi kuwa na huruma?

Mkwezi wa Pongwe: Dada, mbona nimeuliza habari ya picha tu.

Bint Chumbageni: Na wigi umelitia la nini? Rudi juu usome ulichoandika.

Fundi Brashi: Mchoraji alikuwa Naji al-Ali, yule Mpalestina wa katuni. Alimchora Handala, mtoto wa miaka 10, peku, nywele kama miba ya nungunungu. Miaka 10 ndiyo umri aliokuwa nao mwenyewe walipofukuzwa kwao 1948. Wakampiga risasi Paris kwa ajili ya katuni. Kompyuta nani atahangaika kuipiga risasi?

Mzee wa Gerezani: London, kijana. Julai 1987, akafariki Agosti.

Dogo wa Buza: Huyo Handala si ndiye anayetupa mgongo siku zote? Labda uso ulimshinda kuchora 😂

Fundi Brashi: Alimgeuza mwaka 1973, mikono nyuma, kukataa suluhu za Kimarekani kuhusu Palestina. Usichokijua uliza. Mimi nimechora ubavu wa daladala miaka 19, siwezi kufundishwa uso na mtu asiyeweza kuchora chungwa.

Dogo wa Buza: Aaah kumbe! Mkuu unalilia tonge, akili mnemba imekupokonya.

Fundi Brashi: Tonge walilipokonya watu kabla ya hiyo mashine. Kuna taasisi, siitaji, ilinichoresha "ukuta wa mshikamano" siku tatu juani. Malipo soda na fulana. Fulana yenyewe ndogo.

Bint Chumbageni: Sasa mshikamano nao unalipiwa?

Fundi Brashi: Rangi naokota?

Mzee wa Gerezani: Miaka ya 70 hapa Dar, Kamati ya Ukombozi ya nchi huru za Afrika ikiwa hapa hapa, tulikuwa tukipata mabango ya Kuba yamekunjwa ndani ya Tricontinental, jarida lao la mshikamano. Tunabandika sebuleni. Hatukuuliza mchoraji kala nini.

Fundi Brashi: Ndiyo maana hamkujua, mzee wangu. Wale walikuwa na ajira.

Mkwezi wa Pongwe: Jamani, Rafah.

Mama Kongowea: Huku Mombasa mie nauza matikiti. Juzi kijana kapiga picha kipande, hakununua, eti Palestina. Nikamwambia najua mwanangu, bendera yao ilipigwa marufuku na Israeli baada ya 1967, tikiti lina rangi zote nne. Lakini hicho ulichoshika ni shilingi ishirini.

Bint Chumbageni: 😂😂 Alilipa?

Mama Kongowea: Alilipa, tena akala na mbegu.

Dogo wa Buza: Fundi, tuache utani. Nina Coaster, ubavu mmoja bei gani?

Fundi Brashi: Handala au tikiti?

Dogo wa Buza: Simba.

Fundi Brashi: Njoo inboksi. Nusu unatanguliza.