Tupeane uzoefu: wenye malambo binafsi ya tuta la udongo, mliona dalili gani?

Mleta mada, Mpwapwa
Ndugu zangu, nina lambo nililorithi kwa marehemu baba, lenye tuta la kimo cha takriban mita 4, linalonywesha mifugo yetu na ya majirani. Unyevu chini ya tuta, upande wa bondeni, nimeuzoea miaka yote, ila Februari hii, mvua zilipokolea, niliona kijishimo kinachobubujisha maji, kisichozidi kidole gumba, na kuzunguka kinywa chake udongo laini ulikuwa umejijenga kama kichuguu cha sisimizi. Nilikinga maji hayo kwenye chupa, nikaiacha dirishani usiku kucha. Asubuhi tope lilikuwa limetuama unene wa ukucha. Maji maangavu yakivuja hunipa mashaka kidogo, lakini yakitoka na tope maana yake tuta linaliwa kutoka ndani. Bondeni kuna kaya sita. Waliopitia haya, mlifanya nini?

Mchangiaji, Babati
Pole sana, ndugu. Kwetu chanzo kilikuwa miti. Tuliiotesha juu ya tuta tukiamini mizizi itashika udongo. Tulipoikata, mizizi ikaoza na kuacha mifereji ambayo maji yaliifuata hadi upande wa pili. Tulilazimika kufukua sehemu ile yote na kurudishia udongo wa mfinyanzi, tukishindilia tabaka kwa tabaka. Siku hizi juu ya tuta tunaruhusu nyasi tu, na shimo la fuko huzibwa siku hiyo hiyo linapoonekana.

Mchangiaji, Nakuru
Ninaishi si mbali na Solai, ambako usiku wa tarehe 9 Mei 2018, katika msimu wa mvua kubwa, bwawa la shamba binafsi lilipasuka na kuua watu zaidi ya 40, wakiwemo watoto. Wakati huo nami nilikuwa nimepanga mifuko ya mchanga kwenye mfereji wa kutolea maji ya ziada, ule mnaouita utoro, ili nihifadhi maji ya kiangazi, na juu yake nikatandaza wavu wa kuzuia samaki wasitoroke. Wavu ulinasa matawi, na maji yakabakiza shubiri moja kufika juu ya tuta. Tuta la udongo halivumilii maji kupita juu yake hata kwa muda mfupi. Asubuhi ile niliondoa kila kitu kwa mikono yangu, na nikaenda kuwaomba radhi wanaoishi chini ya bwawa langu.

Mleta mada, Mpwapwa
Nawashukuru sana. Mhandisi wa maji aliyefika alinikataza kukiziba kijishimo kwa udongo, kwa kuwa maji yangetafuta tundu jingine. Tulimwaga mchanga safi, juu yake kokoto, kisha mawe, ili maji yapite na udongo ubaki. Lambo tunalipunguza taratibu kwa mpira, kwani maji yakishuka ghafla, upande wa ndani wa tuta uliolowa unaweza kuporomoka. Chupa ya jana imetuama bila tope, na ya leo iko dirishani.