Matango ya kichaka kwenye ndoo: maua tele, vitango vinanyauka, na yaliyokomaa ni machungu

Kibaraza_cha_Nyuma

Wakuu, habari za kazi. Ni msomaji wa siku nyingi humu, ila leo ndiyo mara yangu ya kwanza kuuliza, maana jambo lenyewe linaninyima raha.

Ardhi sina. Nina kibaraza cha saruji nyuma ya jiko, hatua nne kwa tatu, kinachopigwa na jua tangu saa nne asubuhi mpaka saa kumi jioni. Msimu uliopita nilipanda matango ya kutambaa. Yakapanda kamba ya nguo, yakavuka ukuta, yakaziba dirisha la jirani, ikabidi niyang'oe yakiwa na maua. Iliniuma sana. Safari hii nikatafuta yale ya kichaka, nikapata Spacemaster. Nilichagua hiyo kwa sababu shina lake halitarajiwi kupita sentimita 90.

Nilitia mbegu kwenye ndoo tano za lita 10, tatu kila ndoo. Zote ziliota ndani ya siku sita. Nilijua napaswa kupunguza miche lakini moyo ulikataa, yote ilikuwa na afya, nikaiacha mitatu mitatu. Udongo ni nusu kwa nusu na samadi ya kuku. Namwagilia kila jioni nikirudi kazini, lita moja kila ndoo.

Leo ni siku ya 58. Majani ni makubwa, kijani kibichi kabisa, na maua hayahesabiki. Ya mwanzo yote yalidondoka bila kuacha kitu. Sasa yanakuja yenye kitango kidogo nyuma yake, kama kidole cha mwisho cha mtoto. Kinakaa siku tatu nne, kinageuka manjano kuanzia nchani, kinanyauka. Yaliyofika mwisho ni mawili tu. Moja limejikunja, nene upande wa kikonyo na jembamba nchani. Yote mawili machungu. Na mchana majani yanalegea yote, mpaka nikiyaona siku za mapumziko nasikia huruma.

Je, nimeuziwa mbegu mbaya, au kuna ninachokosea? Nipo tayari kuanza upya, ila nisirudie kosa lile lile.

---

Mama_Vitalu

Pole, na karibu. Mbegu yako ni nzuri. Nimeipanda misimu kumi na moja, mingi kati ya hiyo kwenye vyombo, na Spacemaster si ya kubahatisha: ilizalishwa Chuo Kikuu cha Cornell kule Marekani na kutolewa mwaka 1980, kwa ajili ya watu wenye nafasi finyu kama yako.

Tatizo ni kwamba tunadanganywa na jina. Tukisikia mmea mfupi tunadhani unahitaji kidogo cha kila kitu. Angalia shina lake vizuri. Kilichofupishwa ni pingili, ile nafasi kati ya jani na jani. Majani yenyewe ni mapana kama ya matango mengine, yamekaribiana tu, na yanapumua maji kama ya mengine. Tunda nalo karibu lote ni maji, asilimia 95 hivi. Kiu ya mmea haikufupishwa.

Sasa piga hesabu ya ndoo yako. Lita 10 kwa miche mitatu ni lita tatu na ushee za udongo kwa kila mche, juu ya saruji inayochemka, na maji mara moja kwa siku, tena jioni. Mimi humpa mche mmoja ndoo ya lita 20 peke yake, yenye kina cha sentimita 30 au zaidi na matundu chini. Leo hii chukua mkasi, bakiza mche mmoja kila ndoo, ile miwili ikate usawa wa udongo. Usiing'oe! Mizizi imeshafungana, na mizizi ya tango haipendi kabisa kusumbuliwa, utamjeruhi unayetaka kumwokoa. Najua moyo unakataa. Wangu ulikataa misimu miwili.

Halafu hamishia umwagiliaji asubuhi. Mimina chini kwenye udongo, polepole, mpaka maji yatoke kwenye matundu, hata ikichukua lita tatu. Kwenye jua kali rudia jioni. Usifuate kopo, fuata kidole: kichovye mpaka kiungo cha pili, ukikuta pakavu mwagilia. Kulegea mchana peke yake kusikutishe, majani mapana hulegea jua likiwa la utosi. Cha kutisha ni yakiamka asubuhi bado yamelala. Juu ya udongo weka matandazo, nyasi kavu au majani, unene wa vidole vitatu. Ndoo zinyanyue juu ya matofali, zisikalie saruji yenye moto.

Uchungu unatokana na kiu hiyo na joto hilo. Matango yana kemikali iitwayo kukurbitasini ambayo kwa kawaida hukaa kwenye majani na shina. Mmea ukiteseka, sehemu ya kemikali hiyo inaingia kwenye tunda, zaidi upande wa kikonyo na chini ya ganda. Ukikata kipande hicho na kumenya ganda nene, mara nyingi sehemu iliyobaki inalika. Tunda lililokwisha kuwa chungu hutalitamisha kwa maji, lakini yatakayofuata yatakuwa matamu.

Samadi ya kuku nusu nzima ni nyingi mno. Ndiyo maana una majani ya kupendeza na matunda hakuna: nitrojeni inajenga majani. Kwa ndoo mpya tumia sehemu moja ya samadi iliyooza kabisa, isiyo na harufu kali, kwa sehemu tano za udongo mwepesi uliochanganywa na mboji. Hizi za sasa usiziongeze chochote.

---

Rafiki_wa_Nyuki

Mama Vitalu kamaliza ya udongo. Mimi niseme ya maua.

Yale ya mwanzo yaliyodondoka yalikuwa maua dume. Tango huanza nayo wiki moja hivi kabla ya maua jike, na kazi yake ikiisha yanaanguka, hakuna kilichoharibika. Maua jike ndiyo hayo yenye kitango nyuma. Vinavyogeuka manjano kuanzia nchani kwa kawaida havikupata chavua, au mmea umeona hauwezi kuvilisha vyote. Na hilo lililojikunja lenye ncha nyembamba nalitilia shaka lile lile: lilipata chavua kidogo, mbegu zikaumbika upande mmoja, nyama ikafuata mbegu.

Ndugu, unarudi jioni. Ua jike linafunguka asubuhi, siku moja tu, nyuki wanatakiwa walitembelee mara nyingi siku hiyo hiyo. Je, umewahi kuwaona nyuki hapo kibarazani? Kuta zikiwa ndefu pande zote, huenda hawajui kama una maua.

Fanya kazi yao. Kabla ya kutoka asubuhi, chuma ua dume lililofunguka vizuri, chambua petali zake zote libaki lile jiti la katikati lenye unga wa njano. Lipake taratibu ndani ya ua jike, kwenye kitovu chake chenye mafundo matatu, uzunguke mafundo yote. Dume moja linatosha majike mawili. Brashi laini ya kuchorea nayo inafaa. Halafu panda mrehani kwenye kopo pembeni na uuache uchanue, nyuki wanaupenda mno. Dawa ya wadudu usipulize maua yakiwa wazi, hata iwe ya asili.

Mbegu za Spacemaster zinahitaji uchavushaji huu. Zipo aina nyingine za matango zinazozaa bila chavua, watu wa vibanda vya nailoni ndio huzitumia sana, lakini hiyo yako siyo.

---

Wavu_na_Kamba

Nitasema tofauti kidogo. Mimi nina nafasi ndogo kuliko hiyo na sipandi kichaka. Tango la kutambaa likipandishwa kwenye wavu wima linachukua hatua moja tu ya sakafu, linazaa muda mrefu, matunda yananing'inia yamenyooka, na upepo unapita kati ya majani. Kosa lako msimu uliopita halikuwa kutambaa, lilikuwa kukosa wavu wake mwenyewe. Ungekata ncha lilipofika juu, dirisha la jirani lingesalimika.

---

Mama_Vitalu

Wavu_na_Kamba, kwa mavuno ya mche mmoja mmoja sikubishii, wa kutambaa unamshinda wa kichaka. Ila wavu unataka mahali pa kufungia, unataka mkono wa kuelekeza shina kila baada ya siku chache, na upepo mkali ukija chombo chenye mmea mrefu kinapinduka. Mtu anayeondoka asubuhi na kurudi jioni, kichaka kinamfaa. Mimi hukichomekea fimbo tatu fupi tu, majani na matunda yasilale kwenye saruji.

Lakini kuna jambo ambalo wauza mbegu hawalisemi kwa sauti, na mimi nataka Kibaraza alijue tangu sasa. Kichaka huzaa kwa mkupuo. Kinatoa karibu vyote ndani ya wiki tatu au nne, kisha kinachoka. Wengi wanadhani wameua mmea. Hawakuua, umemaliza. Dawa yake ni kupanda kwa zamu: ndoo mbili leo, mbili baada ya wiki tatu, mbili tena. Mbegu itie moja kwa moja kwenye ndoo itakapoishi, kina cha sentimita mbili hivi. Ukiwa na ndoo sita, unakuwa na mche mchanga, unaochanua na unaozaa kwa wakati mmoja, na meza haikauki.

Na chuma mapema. Spacemaster isizidi sentimita 20, mimi huchuma ikiwa 15. Pita kila siku, inua majani, kwa sababu tango linajificha. Likikawia moja tu likanenepa na kuanza umanjano, mmea unapeleka nguvu kwenye mbegu za hilo moja na kuacha kutoa maua jike. Kata kikonyo kwa mkasi, usivute.

---

Kibaraza_cha_Nyuma

Wakuu, wiki sita zimepita, nimerudi na majibu.

Nilikata miche kumi siku ile ile usiku, kwa taa ya simu, kabla sijabadilisha mawazo. Wiki ya kwanza sikuona tofauti ila kwamba asubuhi majani yalikuwa yamesimama wima, jambo ambalo sikuwa nimeliona muda mrefu. Maji sasa natoa saa kumi na mbili asubuhi, na kila ndoo inakunywa lita mbili mpaka tatu. Nilikuwa naipa moja igawane midomo mitatu! Nimeyafikiria sana hayo.

Nyuki sikuwaona. Nilikaa kibarazani Jumapili moja tangu saa moja hadi saa nne, alikuja mmoja akazunguka mrehani akaondoka. Kwa hiyo nachavusha mwenyewe. La kwanza nililopaka chavua nilifunga uzi mwekundu kwenye kikonyo ili nisipoteze hesabu. Siku ya pili kitango kilikuwa kimeinamisha shingo na kuanza kunenepa. Siku ya kumi na moja nilikichuma, sentimita 16, kimenyooka. Nilikata ncha zote mbili nikaonja upande wa kikonyo kwanza, kwa woga. Hakikuwa na uchungu hata chembe. Nilimpelekea jirani nusu yake.

Miche ile mitano imenipa matango 19 mpaka leo, sasa imechoka kama Mama alivyosema, na sikuhuzunika kwa sababu ndoo mbili za lita 20 zimeshaanza kuchanua na mbili nyingine zina majani manne.

Nina mawili ya mwisho. Majani ya chini ya ile mikongwe yana unga mweupe kama yamenyunyiziwa ngano. Na je, naweza kubakiza mbegu zangu mwenyewe?

---

Mama_Vitalu

Mwanangu, huo uzi mwekundu umenifurahisha, nitauiga.

Unga huo ni ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu. Hauhitaji jani lililolowa ili uote, unapenda majani yaliyobanana yenye kivuli. Mikongwe ing'oe leo, uitoe mbali, usiitie kwenye mboji, ili usirukie michanga. Kwenye michanga chunguza majani ya chini kila asubuhi. Ukiona doa la kwanza ondoa jani hilo, kisha nyunyiza maziwa sehemu moja kwa maji sehemu tisa, asubuhi ya jua, juu na chini ya majani, mara moja kwa wiki. Ukichelewa mpaka mmea wote uwe mweupe, hayatakusaidia.

Mbegu, ndiyo, hii si chotara, itazaa kama mama yake mradi hakuna matango ya aina nyingine yanayochanua jirani. Maboga na matikiti hayana neno, hayachanganyiki na tango. Teua mche mmoja wenye afya kuliko yote, uvune kawaida, na karibu na mwisho wake acha matunda mawili yaliyochavushwa na mkono wako. Yaache yanenepe, yawe manjano iliyoiva kabisa, ganda ligumu. Kamua mbegu na ute wake kwenye kikombe, ongeza maji kidogo, acha siku mbili tatu mpaka ute uachie. Zilizozama ndizo nzima. Zioshe, zianike kivulini juu ya sahani, si karatasi maana zitaganda. Zikikauka vizuri na kuwekwa pakavu penye ubaridi, zinadumu miaka mitano.

Funga ule uzi mwekundu kwenye hayo mawili, asije mtu wa nyumbani akayachuma.