Karatasi ya sukari imegeuzwa "kijiji kimekubali mgodi"

Wandugu, jambo yenu. Naandika nikiwa Katuba, hapa Lubumbashi, Kongo, viatu bado vina udongo mwekundu wa kijijini. Nimeshuka jana jioni kwa basi la njia ya Likasi na usingizi sijauona.

Mwezi uliopita watu wa kampuni fulani walikuja kwetu na gari mbili. Wakawakusanya watu chini ya mwembe, wakagawa soda na sukari kilo moja moja, wakapitisha karatasi: jina, simu, sahihi. Bibi yangu hajui kuandika, akachovya kidole gumba. Aliambiwa ni orodha ya waliopata sukari. Juzi kwenye ofisi ya sekta, yaani utawala wa eneo letu, nimeonyeshwa nakala ya karatasi ile ile, ila sasa juu yake kuna kichwa cha Kifaransa: PV (kumbukumbu rasmi) ya mashauriano, jamii imeridhia. Kidole cha bibi kipo mstari wa 14.

Na mtu asinijie hapa kusema tunapinga maendeleo. Sisi ni wafula mukuba, wafua shaba. Wazee wetu waliyeyusha mukuba wakaumimina kuwa misalaba kabla Union Minière, kampuni ya migodi ya Wabelgiji, haijazaliwa 1906. Hawakungoja mzungu awaonyeshe jiwe la kijani. Tunachodai ni kuulizwa KABLA, shimo likae wapi. Mfumu, chifu wetu, na wazee walishasema: chimbeni upande wa kilima kikavu, mtuachie kijito na ule msitu wa makaburi, mama zetu wanaokota bowa (uyoga) humo mvua ikinyesha, na vinkubala, viwavi vya kula. Kuna aliyekataa hapo? Hata ramani ilikuwepo. Mwalimu wa kijiji alizunguka siku tatu na simu yake akitia alama kila kisima, maana tulikuwa tunaandaa faili ya msitu wa jamii, ule ambao dekreti ya 2014 inaruhusu mpaka hekta 50 000. Ramani ilipokelewa, ikagongwa muhuri, ikalala. Leo vibendera vyekundu vya plastiki vimechomekwa hadi katikati ya makaburi. Kimoja kiko hatua nne toka alipolala babu. Nimezipima mwenyewe.

Halafu bwana mmoja ofisini ananiambia, kwa upole kabisa, "Kijana, ardhi ni ya Serikali." Najua, mzee. Sheria ya Bakajika, iliyoipa Serikali ardhi na madini, 1966. Sheria ya ardhi, 1973. Lakini hiyo hiyo ya 1973 ilisema haki za jamii juu ya ardhi wanayoikalia zitapangwa kwa ordonansi ya Rais, na watu wamezeeka wakiingojea. Na Katiba ya 2006, kifungu cha 34, inalinda mali ya mtu mmoja au ya wengi iliyopatikana kwa sheria AU kwa mila. Nikamsomea kwenye simu. Akasema saa ya kula imefika. Saa nne asubuhi!

Ya pesa sitaki hata kuyaanza. Sheria ya madini (code minier) ya 2018 imeandika asilimia 15 ya mrabaha, malipo ya kampuni kwa madini inayouza, iende kwa sekta au sheferi (eneo la chifu), na asilimia 0,3 ya mauzo kwa miradi ya wenyeji. Kijiji jirani, wenye shimo lao miaka sasa, wana pampu moja iliyokufa na bango la rangi nzuri.

Sasa nauliza mliopitia haya, Kolwezi, Fungurume, Kipushi, popote. Kaye de sharje, yaani yale kampuni inajifunga kuwafanyia wenyeji, mliisoma lini: kabla ya kusaini au baada? Nani aliwasainia? Na kama humu kuna avoka, mwanasheria, anieleze kidole cha bibi kinatolewaje kwenye ile PV. Mwenyewe anasema yuko tayari kurudisha sukari. Kilo yake ipo chini ya kitanda, hajaifungua.