Boila presha 0.6, radieta za juu baridi: nianzie wapi kabla ya Desemba?

Mama Nasri, Leicester
Asalaam aleikum ndugu zangu. Huu ni mwaka wangu wa kwanza kwenye nyumba yangu mwenyewe. Nilipokuwa napanga, mambo ya boila yote alishughulikia mwenye nyumba, mimi kazi yangu ilikuwa kuwasha na kuzima. Jana usiku nimewasha hita mara ya kwanza tangu Aprili. Radieta za chini zimepata moto vizuri. Mbili za ghorofani, mojawapo ya chumba cha mama mkwe aliyefika Septemba kutoka Tanga, zina moto chini tu, juu baridi kabisa. Saa ya presha (kipimo cha msukumo wa maji kwenye boila) inasoma 0.6. Boila ni kombi, yaani moja inayopasha radieta na maji ya bomba, ina miaka 9, iko kwenye kabati la jikoni. Maji ya bomba yanatoka moto.

Jirani kaniambia nifungue kifuniko cha boila nisafishe ndani. Naogopa. Mama ana miaka 71, amelala na koti na soksi mbili, na asubuhi kaniuliza kama huku mkaa unapatikana, tuweke jiko chumbani. Nifanye nini mwenyewe, nini nimwachie fundi?

Fundi Bomba, Leeds
Waalaikum salaam dada. Kifuniko usikiguse. Ndani ya boila ni kazi ya fundi aliyesajiliwa Gas Safe Register, orodha rasmi ya mafundi wa gesi huku Uingereza. Ana kadi yenye picha, na nyuma yake zimeandikwa kazi anazoruhusiwa. Mwombe akuonyeshe mlangoni, hawezi kukasirika. Aifanyie sevisi kila mwaka, na mpigie sasa hivi, maana baridi ikishika kila mtu anamtafuta.

Radieta utaziweza mwenyewe. Juu baridi, chini moto: hiyo ni hewa. Zima hita, acha zipoe. Nunua ule ufunguo mdogo wa shaba dukani. Shika kitambaa na kikombe, zungusha skrubu ya pembeni juu nusu mzunguko tu. Itapuliza sssss, maji yakianza kutoka, funga. Tandika taulo kuukuu, maji yale yanatia doa zulia.

Ukishatoa hewa presha itashuka zaidi, usishtuke. Chini ya boila tafuta kipaipu cha fedha kilichosukwa, chenye valvu mbili. (Boila nyingine zina ufunguo wa plastiki badala yake, angalia kijitabu.) Fungua taratibu, macho yasitoke kwenye saa. Ikifika 1.2, funga zote mbili, ukaze. Boila ikiwa imepoa tunataka kati ya 1 na 1.5, ikipata moto itapanda kidogo. Lakini ikishuka tena wiki ijayo, usiwe mtu wa kuongeza maji kila siku. Kuna mahali panavuja, au tangi la upanuzi (linalopokea maji yanapotanuka kwa moto) limechoka. Mwachie fundi.

Bi Mkubwa, London
Mwanangu, mimi nimekuja kwa hilo la mkaa tu. Mwambie mama hapana, kwa adabu lakini hapana. Mkaa ukishakolea hauna moshi, ndiyo maana watu hudhani uko salama. Kaboni monoksaidi, gesi inayotoka kwenye mkaa, haina harufu wala rangi, inamchukua mtu usingizini. Nyumba zetu za pwani zinapitisha upepo juu ya ukuta. Huku madirisha yamebanwa, hewa haina pa kutokea. Nunua kengele ya kaboni monoksaidi, iweke jikoni boila ilipo, na uibonyeze kila mwezi uhakikishe inalia. Usiku mpe mama chupa ya mpira ya maji moto.

Mzee wa Glasgow
Angalia pia kipaipu cha plastiki kinachotoa maji ya boila kwenda nje. Kikiganda boila inazima yenyewe. Mwagia maji ya vuguvugu, siyo yanayochemka. Na mwombe fundi akivike sponji.

Mama Nasri, Leicester
Mungu awalipe nyote. Nimetoa hewa leo jioni, presha sasa 1.3, radieta ya mama ina moto juu hadi chini na koti amelivua. Kengele nimenunua, fundi anakuja Jumanne saa 3 asubuhi. Kaka, ile radieta ya pili imetoa maji meusi kama kahawa. Nimwambie?

Fundi Bomba, Leeds
Mwambie, dada. Hilo ni tope la kutu. Aangalie kama mabomba yanahitaji kuoshwa, kisha atie dawa ya kuzuia kutu.