Kama huamini, mbona sikukuu unakula?

Wakuu, heshima kwenu. Kila sikukuu ikikaribia huwa naulizwa swali moja, na anayeuliza huwa keshaitazama sahani yangu: "Wewe husali wala hufungi. Hicho unachokula ni cha nini?" Nalileta hapa tulijadili bila kulaaniana. Msimamo wangu nautaja mapema: siamini, na sikukuu siachi. Ya dini yoyote, mradi nimealikwa.

Wanaonipinga husema sikukuu ni zao la imani, na asiyepanda asivune. Ukiisikia mara ya kwanza inaingia akilini. Lakini waliowahi kuipiga Krismasi marufuku kwa sheria hawakuwa watu wa aina yangu. Walikuwa waumini, tena wale wa kushika dini hadi kwenye kucha. Bunge la Uingereza lililotawaliwa na Wapuritani, Waprotestanti wa msimamo mkali, liliifuta mwaka 1647. Kule Massachusetts, koloni la Waingereza Amerika, kati ya 1659 na 1681, ukikutwa unaisherehekea ulitozwa shilingi tano. Walisema Biblia haitaji tarehe 25 Desemba popote, na kwamba watu walichofanya siku hiyo ni kulewa na kucheza kamari. Kwa hiyo nikiambiwa sikukuu ni ya washika dini peke yao, nauliza: washika dini wepi?

Wenzangu wasioamini nao wasichekelee, maana tuna aibu zetu. Mwaka 1793 wanamapinduzi wa Ufaransa walileta kalenda yenye juma la siku kumi, Jumapili ipotelee mbali. Mfanyakazi aliyekuwa akipumzika siku moja kati ya saba akajikuta anangoja ya kumi. Hesabu hiyo haihitaji shahada. Kalenda yenyewe ilikufa mwishoni mwa 1805. Warusi wa Kisovieti wakaja na lao mwaka 1929: juma la siku tano, wafanyakazi wakagawanywa kwa rangi, kila rangi na siku yake ya kupumzika. Mume rangi hii, mke rangi ile. Viwanda havikulala, lakini nyumbani watu walipishana mlangoni. Mwaka 1940 wakarudi kwenye siku saba.

Kilichowashinda hawa si Mungu wala theolojia. Mtu hataki mapumziko tu. Anataka apumzike siku ambayo mwenzake naye yuko nyumbani. Hicho ndicho ninachokifuata kwenye sikukuu, na sioni ninamwibia nani.

Halafu tusidanganyane kwamba sisi wenye mashaka tumekamilika. Simu yangu ikidondoka, "Mungu wangu!" inatoka kabla sijakumbuka msimamo wangu. Mwaka 1948 mwanasaikolojia B. F. Skinner aliandika kuhusu njiwa aliowapa chakula kila baada ya muda fulani, wafanye wasifanye. Mmoja akawa anazunguka tunduni mwake, mwingine anatikisa kichwa, kana kwamba hicho ndicho kinacholeta chakula. Nawajua watu wasioamini pepo wala jehanamu, lakini timu yao ikiwa fainali, jezi haifuliwi.

Karibuni, hoja kwa hoja.

*Mchangiaji wa kwanza:* Mleta mada, usijifiche kwenye historia. Aliyefunga siku 29 au 30 ndiye anayeijua Idi. Wewe ni mchezaji wa akiba uliyeingizwa dakika ya tisini, kisha unataka medali!

*Mleta mada:* Mkuu, mchezaji wa akiba naye hupewa medali. Lakini nakubali, utamu wako na wangu si mmoja. Wewe umefikia mwisho wa ibada, mimi nimekuja kuonana na watu. Ila aliyenialika ni wewe, na hukuniuliza mlangoni.

*Mchangiaji wa pili:* Hayo ya sahani yaacheni. Je, sala kwenye vikao vya serikali? Huko ndiko kwenye ubishi wa kweli.

*Mleta mada:* Kweli, huko hata majaji wamegawanyika. Mahakama Kuu ya Marekani mwaka 2014 iliruhusu sala ya kufungulia vikao vya mji kwa kura tano dhidi ya nne. Uingereza, mwaka 2012 mahakama ilisema baraza la mji wa Bideford halina mamlaka ya kuweka sala kwenye ajenda. Mwaka 2015 Bunge likatunga sheria ya kuyapa mabaraza mamlaka hayo. Mimi sala ya dakika mbili hainidhuru, kuna hotuba za wanasiasa zimenidhuru zaidi. Ninapogoma ni pale mwananchi aliyefuata huduma yake anapolazimika kujifanya anaamini ili asitazamwe vibaya. Mezani kwako ni mwaliko, naweza kukataa. Ofisi ya umma sina nyingine.

Sasa nami nijibiwe. Krismasi ikiangukia Jumapili, mbona waumini ndio wa kwanza kulalamika kwamba wameibiwa siku ya mapumziko?