Tupeane uzoefu: uliyeajiriwa kupitia wakala, siku ya kuachishwa ulimdai nani?

Mama Pacha (Dar)
Wakuu, habari za jioni. Wiki hii mdogo wangu kasaini mkataba wa miezi mitatu na wakala, anapelekwa kiwandani. Sikulala, maana njia hiyo naijua.

Nilifungasha sabuni kiwandani miaka miwili na miezi minne. Mkataba wa wakala, mshahara unatoka kwa wakala. Lakini ovaroli ina nembo ya kiwanda, zamu ananipangia supavaiza wa kiwanda, na hata ruhusa ya msiba wa baba niliomba kwake. Asubuhi moja nafika getini, mlinzi kashika karatasi ya majina, langu limepigwa mstari. Kiwandani: "Wewe si wetu, nenda kwa wakala." Kwa wakala: "Kiwanda ndicho kimekukataa, sisi tufanyeje?" Nikazungushwa siku kumi na tisa, na siku hizo ni mali: mgogoro wa kuachishwa kazi unatakiwa ufike CMA, ile Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ya migogoro ya kazi, ndani ya siku 30.

Aliyeniokoa ni katibu wa chama cha wafanyakazi wa kiwanda cha jirani. Akanionyesha kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004: anayekupangia saa, anayekusimamia kazi, anayekupa vifaa, hata moja ya hayo likiwepo unahesabiwa mwajiriwa wake mpaka athibitishe vinginevyo, mkataba uwe umeandikwaje. Akaniambia pia kwamba kanuni za mawakala wa ajira za 2014 zilimtaka wakala aunganishe tu mtafuta kazi na mwajiri, si kuajiri kwa niaba yake.

Kwenye Fomu Na. 1 ya CMA, ya kufungulia mgogoro, nikaandika wote wawili, wakala na kiwanda. Siku ya usuluhishi nikatandika ile ovaroli mezani, na picha za ratiba ya zamu nilizokuwa napiga kwa simu ili nisisahau siku zangu. Mwakilishi wa kiwanda akaomba watoke nje na wakala wazungumze. Walirudi wakakubali kulipa: notisi ya siku 28, likizo zilizobaki, na kiinua mgongo cha siku saba kwa kila mwaka niliotimiza.

Kinachoniuma mpaka leo ni michango ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii. Miezi kumi na moja nilikatwa, haikupelekwa.

Nanyi leteni yenu.

Kuli Mstaafu
Mimi nilishindwa, nasema ukweli ili wengine wapone. Siku ya mwisho wakala alinipa bahasha na karatasi, "saini hapa uchukue hela yako." Ndani imeandikwa nimelipwa haki zangu zote, sina dai. Nilikuwa na mtoto amelazwa. Nikasaini bila kusoma.

Mwana wa Kisauni
Huku Mombasa nilikuwa kibarua wa siku kwa siku kupitia ajenti, miezi saba, na kila jioni naambiwa "kesho tutaona". Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007, kifungu cha 37, yasema ukifanya kazi siku zilizofuatana hadi zikafika mwezi, wewe si kibarua tena: unalipwa kwa mwezi na una haki ya notisi. Mimi nilichokuwa nacho ni daftari la mke wangu la duka, alimoandika kila jioni nilicholeta. Hakimu alilipitia ukurasa kwa ukurasa.

Dada wa Leicester
Uingereza nipo ghala la nguo kupitia wakala. Hapa ukitimiza wiki 12 kwenye kazi ileile, malipo yako lazima yalingane na ya aliyeajiriwa moja kwa moja. Wiki ya 13 sikuona mabadiliko. Nikaandika barua kuuliza, wakarekebisha bila ubishi. Wenzangu wengi hawaulizi, wanaogopa kunyimwa zamu.

Mgeni wa Jiji
Mama Pacha, nimesoma mikono inatetemeka. Niko Mwanza, leo ni siku yangu ya 26 tangu wakala anitumie meseji kwamba nisiende tena. Kila nikipiga wananiambia nisubiri bosi arudi safari.

Mama Pacha (Dar)
Mdogo wangu, usisubiri bosi. Kesho asubuhi fika CMA uchukue fomu, jaza majina ya wote wawili, wapelekee nakala wakugongee muhuri wa kupokea, kisha urudi kuisajili siku hiyohiyo. Wakikataa kupokea, rudi uwaeleze CMA hapohapo. Meseji hiyo usiifute. Ukitoka huko, tuandikie hapa.