Mpangaji wetu, kampuni, anatukata asilimia 10 ya pango kila robo mwaka kwa ajili ya kodi ya serikali, cheti hatoi. Tumechoka!

Assalaam alaykum ndugu zangu. Naandika nikiwa na hasira na sitoificha.

Sie tuko Chake Chake, Pemba. Nyumba ni ya baba. Chini kuna fremu mbili kubwa, tumezikodisha kwa kampuni moja ambayo makao yake yako Unguja. Juu tunaishi watu kumi na mmoja: baba na mama, mie na mume wangu na wanetu wanne, mdogo wangu anayeuza vyombo sokoni, mkewe, na mtoto wao anayetambaa. Makaratasi yote ya nyumba hii nayashika mie, maana baba macho yake siku hizi hayawezi maandishi madogo.

Mkataba unasema laki sita kwa mwezi, inalipwa kwa miezi mitatu mitatu, yaani 1,800,000. Kila wakilipa wanakata 180,000 ya kodi ya zuio, yaani kodi ya serikali anayoikata mlipaji kabla ya kukupa pesa zako, na baba anapokea 1,620,000. Kukata sina neno nako. Sheria inamtaka mpangaji wa namna hiyo akate asilimia 10, aipeleke serikalini ndani ya siku saba baada ya mwezi kwisha, kisha ampe mwenye nyumba cheti cha kuonesha kodi iliyokatwa. Hawa kukata hawajakosea hata shilingi. Kama wanapeleka, hatujui. Cheti hawajatoa hata kimoja. Kwa mwaka ni 720,000 inayotoka mikononi mwa mzee bila ya karatasi yoyote!

Tulikuja kujua ubaya wake mwezi wa Juni mwaka jana nilipompelekea baba ritani yake, yaani taarifa ya mapato ya mwaka, ofisi ya kodi. Wanaofunga hesabu Disemba mwisho wao ni Juni 30, na mie nilikwenda na wiki moja mkononi, nikijiona nimewahi. Kijana wa kaunta akaniuliza kwa adabu kabisa, "Mama, vyeti vya zuio viko wapi?" Nikamtolea taarifa ya benki. Akaniambia hii inaonesha mlichopokea, haioneshi kilichokatwa kimekwenda wapi. Kweli tupu. Kwa anayesoma faili, baba ni mtu ambaye hajalipa kitu.

Na hili neno "kodi" nalo limetuponza. Baba alikuwa akiniuliza, "Mwanangu, kodi imelipwa?" Namjibu imelipwa baba, nikikusudia pesa za fremu zimeingia. Yeye anaelewa ya serikali. Miezi tumekaa hivyo, kila mtu ameridhika na jibu lake. Sasa nyumbani kwetu mpangaji analipa pango, serikali inalipwa kodi, na atakayechanganya namsahihisha palepale, hata akiwa mama.

Nimewafuata hao watu mpaka nimechoka. Karani wao wa hapa Chake anasema, "Dada, hayo ya Unguja." Mhasibu wa Unguja anasema tuma baruapepe. Nimetuma. Eti TIN ya baba, namba yake ya mlipakodi, haisomeki. Nikaenda kutoa fotokopi nyingine, nikaipiga picha upya, nikatuma. Ikaingia Ramadhani, nikaambiwa baada ya Idi. Baada ya Idi mhasibu kahamishwa, aliyekuja hana habari, nianze upya. Wiki iliyopita nimeambiwa nije mwenyewe ofisini kwao.

Nije mwenyewe! Nina watoto wanne, nina darasa la kusomesha skuli. Nishuke Mkoani, nipande boti, nilale Unguja, nirudi, kwa karatasi ambayo ni wajibu wao kuileta. Nilipolalamika, baba akasema atakwenda yeye. Ana miaka 74 na magoti hayamsaidii hata kushuka ngazi za nyumba yake. Usiku ule sikulala. Mtu kajenga nyumba kwa jasho lake miaka na miaka, leo aende akakae kwenye benchi la kampuni inayomkata pesa zake, aombe cheti kama anaomba sadaka.

Na msiniambie hatuweki kumbukumbu. Mdogo wangu mwaka 2023 aliuza kama milioni 6. Kwa viwango vya mwaka ule, mfanyabiashara mdogo wa kundi lake asiyeandika hesabu alilipa kodi ya 100,000 moja kwa moja. Aliyeandika alilipa asilimia 3 ya kilichozidi milioni 4, yaani 60,000. Tuliandika, kila usiku baada ya Isha, kwenye meza ileile watoto wanayofanyia kazi za skuli. Risiti za mashine zinafifia wino mpaka zinabaki nyeupe, kwa hiyo tunazitoa fotokopi zikiwa mpya na tunaziweka kwenye kopo la biskuti juu ya kabati, mtoto asifike. Za TRA, mamlaka ya mapato ya Tanzania, bahasha yake, za ZRA, mamlaka ya mapato ya Zanzibar, bahasha yake, kwa sababu kodi ya mapato ni jambo la Muungano na Zanzibar ina kodi zake nyingine, na ukizichanganya unapoteza asubuhi nzima. Nyumba ya watu kumi na mmoja inaweza. Kampuni yenye idara ya uhasibu na kompyuta inashindwa vyeti vinne kwa mwaka?

Juni nyingine hii inakuja. Mkataba nao unakwisha Disemba, na nimeshamwambia baba usisainiwe mwengine bila kipengele kinachosema wazi: hakuna cheti cha robo iliyopita, hakuna kuendelea kukaa.

Walioko Wete, Mkoani, hata Unguja, mliokodisha kwa makampuni: mliwezaje kuvipata vyeti vyenu? Kuna aliyeandika barua rasmi akajibiwa? Na ukiipeleka ofisi ya kodi pamoja na mkataba na taarifa ya benki, wao wanambana mpangaji au wanakurudisha kwake? Naomba anijibu aliyepitia mwenyewe. Barua nataka kuiandika Jumamosi hii.